Kaka kasema ng'ombe wake walikuwa nauli yangu

Shikamoo Anti,

Nakuandikia saa kumi alfajiri, jogoo wa jirani ameshaanza na mimi sijapata hata lepe la usingizi. Usiku wa tatu huu. Kila nikijilaza nalisikia lile neno la kaka: "Kumbe ng'ombe wangu walikuwa nauli yako."

Sikumwibia, Anti. Wale ng'ombe tisa aliwaswaga mwenyewe hadi mnada wa Msalato mwaka 2021, hakuna aliyemlazimisha. Hela akaniletea zimefungwa kwenye kipande cha khanga ya mama, akasema haya, fungua hiyo biashara unayotuimbia kila siku. Nikafungua. Leo mkulima wa Kongwa mwenye kitochi anabonyeza namba, anapata bei ya mahindi na alizeti ya Kibaigwa kabla hajapakia gunia hata moja. Wanunuzi wa lumbesa wananijua na hawanipendi. Sasa mtu wa namna hiyo ni wa kuambiwa anatafuta nauli?

Nilipokwama ni kwenye hesabu za wakubwa. Programu naiandika mwenyewe, nimesoma hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma. Lakini mwekezaji akiniuliza kampuni yako ina thamani gani, nabaki kutoa macho. Kuna karatasi niliisaini nikatoa hisa nyingi bila kuelewa, nikaja kueleweshwa baadaye na kijana niliyemwajiri. Siku ile ndiyo niliyoamua kusoma MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara.

Nina orodha ukutani. Stanford, kwa kuwa wawekezaji wa teknolojia wamejaa jirani pale, ila ni miaka miwili, na kwa miaka miwili dalali atakuwa amesharudi kwenye kiti chake. INSEAD, wana madarasa Ufaransa na Singapore, miezi 10 tu. Oxford, mwaka mmoja. Halafu Strathmore ya Nairobi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambako MBA inasomwa hata jioni. Hizi mbili za mwisho nimezipiga mstari mwekundu. Sababu ninayo: watu nitakaowakuta darasani ni wale wale ninaokutana nao kila siku, na mimi nahitaji wasionijua.

Basi Jumapili nikaenda nyumbani kumweleza. Nilikwenda na vijana wangu wawili wa ofisini, nikidhani wataniongezea uzito. Tulikuwa tunakula ugali na mlenda. Aliposikia "Marekani" akaliweka tonge pembeni ya sahani, akanawa, hata hajala matonge matatu. Ndipo akalisema lile neno. Mbele ya mama, mbele ya wifi, mbele ya vijana ninaowalipa mshahara. Angeniita pembeni ningevumilia.

Na mimi sitaki kuondoka, Anti, nielewe. Nikisafiri siku tatu tu simu za wakulima zinanifuata.

Vyuo hivi vinataka barua ya mtu anayeijua kazi yako, hasa bosi. Mimi bosi wangu nani? Nilimwendea mteja mmoja mkubwa wa alizeti, akanijibu andika mwenyewe mimi nitasaini. Hairuhusiwi, nami siwezi. Aliyeiona kazi hii tangu siku ya kwanza ni kaka. Ofisi yetu ya Nkuhungu ilipokuwa haina mlango alilala pale wiki nzima akilinda kompyuta mbili. Lakini barua ya ndugu hawapokei, na hata wangepokea, ningeanzia wapi kumwomba sasa hivi?

Hajui pia kwamba mtihani wa GMAT, ule wa kuombea nafasi ya MBA, nimeshaulipia, naufanya mwezi ujao. Nililipa kabla ya ile Jumapili. Kwa hiyo sijui nilikwenda kumwomba ruhusa au kumpa taarifa. Nimwambie sasa, au ningoje nipate nafasi kwanza? Dirisha la pili la vyuo vya Marekani linafungwa mwanzoni mwa Januari.

Usiku huu nimejaribu swali la Stanford, lile linalouliza kitu gani ni muhimu kwako kuliko vyote, na kwa nini. Nimeandika mara nne, nikafuta. Mara zote nne nimeanza na ng'ombe.

Nisaidie kuchagua chuo. Najua Nairobi watu wanasoma bila kuacha kazi zao, usinikumbushe. Najua pia treni ya mwendokasi inafika Dar kwa saa chache. Nimezikata kwa sababu niliyokueleza, si kwa sababu aliyoisema yeye.

Ukiichapa barua hii, toa Msalato na toa idadi ya ng'ombe. Wifi huisoma safu yako kwenye simu, na jioni humsomea kaka.

Au iache ilivyo. Asomewe.

Mdogo wake, Dodoma