Koroga kabla hujaongeza dawa

Mhariri,

Kila mvua inapochafua visima vyetu Lamu, tunaambiwa: mimina klorini tangini, subiri nusu saa, kunywa. Nusu saa ni sahihi, ila huhesabiwa dawa ikishachanganyika, na dawa haichanganyiki kwa kusubiriwa.

Katika maji yaliyotulia kabisa, klorini husambaa yenyewe milimita 1 kwa dakika 12 hivi. Umbali ukizidi mara 10, muda unazidi mara 100: sentimita 1 yataka saa 20, mita 1 yataka karibu miaka 23! Joto husaidia kidogo, lakini si la kutegemea.

Mpika chapati analijua jibu. Kila akilikunja donge na kulisukuma tena, tabaka hupungua unene kwa nusu. Mikunjo 10 tu inaifanya mita 1 kuwa milimita 1, maana 2 ikijizidisha mara 10 ni 1,024. Kilichobaki dawa inakimaliza yenyewe. Hata ingesambaa polepole zaidi mara 4, ungeongeza mkunjo mmoja, basi.

Kuzungusha mti upande mmoja hakukunji kitu. Maji yote huzunguka pamoja kama sahani ya santuri. Pitisha upondo safi ukuta hadi ukuta, chini hadi juu, kisha geuza.

Tangi la lita 1,000 la maji maangavu lahitaji miligramu 2 za klorini kwa lita, yaani mililita 57 za dawa ya maji ya kung'arishia nguo, yenye klorini asilimia 3.5 na isiyo na manukato. Itie kwenye ndoo ya maji, uimwage tangi likiwa robo, halafu pampu ijaze. Maji yanayoanguka ndiyo mwiko wako. Ukiitia tangi likishajaa na kupigwa jua, maji moto hukaa juu, na dawa, iliyo nzito kuliko maji, huzama kule kwenye bomba. Ndoo ya kwanza inanuka, ya mwisho haina kitu. (Wenye birika, yaani hodhi la maji, lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, vitoeni kwanza. Klorini itaviua.)

Baada ya nusu saa pima maji ya juu na ya bombani kwa vidonge vya kupimia bwawa la kuogelea. Yote yasipungue miligramu 0.5 za klorini kwa lita. Juu ikiwa 0 na bombani 2, dozi haina kosa: rudia kukoroga. Yakiwa pungufu kote kuwili, hapo ndipo pa kuongeza dawa.

Walimu wa hisabati na fizikia,
Lamu