Mwivi wa Kuku na Kitenzi cha Kigiriki

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila mvua imetufungia ndani. Pole sana na kuku wako. Wanne kwa usiku mmoja, na mbwa asibweke!

Umeniuliza kwa utani Mgiriki wa kale angemwitaje huyo aliyewabeba. Angemwita kleptes, kutokana na kitenzi klepto (κλέπτω), yaani kuiba. Angekuvamia mchana na panga mkononi, angekuwa lestes, mnyang'anyi, kama wale wa njia ya Yeriko. Klepto ni kuchukua kwa siri, na Wagiriki walikitumia hata kwa kumzuga mtu au kufanya jambo chini kwa chini. Nasi si wageni wa hilo: mtu akitoka harusini bila kuaga, tunasema kajiiba, ingawa hakubeba hata soda.

Sarufi yake ilinitoa jasho. Sisi twabadilisha mkia: iba, ibia, ibiwa. Wao wanachokonoa irabu ya katikati: klepto, naiba, keklofa, nimeiba, eklapen, niliibwa. Nilipokutana na hiyo eklapen nilidhani ni kitenzi kingine kabisa.

Halafu ile amri ya Kutoka 20, katika tafsiri yake ya Kigiriki: ou klepseis. Ukiifuata neno kwa neno ni "hutaiba", wakati ujao! Nilishangaa, mpaka nikamkumbuka bibi kasimama mlangoni: "Hutatoka leo!" Bibi hakuwa anatabiri. Kwenye Marko 10:19 ndiko utakuta me klepses, "usiibe" yenyewe.

Ila kilichonifurahisha zaidi ni Waefeso 4:28: ho klepton meketi klepteto. Huyo klepton si lazima awe kaiba jana. Ni yule ambaye kuiba ndiyo shughuli yake. Watafsiri wa Biblia ya Union wangeweza kuandika "mwivi", neno wanalolitumia kwingine. Wakaandika "Mwibaji asiibe tena". Hiyo -ji ya mwishoni, ile ile ya mchezaji na msemaji, imebeba mazoea yote yaliyomo kwenye Kigiriki. Nimeisoma aya hiyo tangu utotoni nisiione.

Basi ukimkamata wako, chunguza kwanza: ni mwivi au mwibaji? Kwa kuku wanne na mbwa aliyenyamaza, nadhani jibu unalo.

Nisalimie mama na watoto. Na hilo banda litie kufuli.

Mimi, somo yako