Malalamiko: bromaidi ya shaba imefika ya kijani

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Hii ni mara ya pili naandika kuhusu ile bromaidi ya shaba(I), kichocheo cha reaksheni nilichonunua kwenu, na jibu mlilonipa mara ya kwanza ndo limenikera kuliko hata mzigo wenyewe.

Lebo inasema 99%. Nafungua chupa nakuta unga wa kijani. Jamani, hii kitu ikiwa safi ni nyeupe, ukiona kijani ujue hewa imeshaingia na shaba(I) imegeuka shaba(II), yaani imepoteza elektroni moja zaidi, na sili ya kifuniko ilifika imelegea, picha niliwatumia siku ileile. Kinachounganisha azaidi (yenye naitrojeni tatu mfululizo) na alkaini (yenye kaboni mbili za bondi tatu) ni shaba(I), hiyo nyingine mpaka uitafutie cha kuirudisha kwanza. Nikajaribu hivyohivyo usiku mzima, agoni nimepitisha kwenye solventi kabla ili kutoa hewa, asubuhi naangalia TLC, kile kipimo cha kuona reaksheni imefika wapi, azaidi yangu iko palepale.

Nyie mkajibu eti nipashe moto zaidi. Hivi aliyeandika anajua anachosema? Kupasha moto ndo njia ya zamani ya mkemia Huisgen, unapata triazoli (pete inayotokea azaidi na alkaini zikiungana) mchanganyiko wa maumbo mawili, ya 1,4 na ya 1,5, halafu ukeshe kwenye kolamu ya kuchujia unazitenganisha. Shaba ilipoingia 2002 ndo watu wakaanza kupata 1,4 peke yake kwenye joto la kawaida tu, wakemia kina Meldal na Sharpless walioivumbua wakaja kupewa Nobel 2022 pamoja na Bertozzi, sasa mnanirudisha huko nyuma, tena azaidi zenyewe zingine ni ndogo, ukizipasha hovyo zinalipuka!

Na msiseme ni mikono yangu. Azaidi ileile, alkaini ileile, nimeweka salfeti ya shaba(II) na askobeti ya sodiamu ya kuirudisha iwe shaba(I), ndani ya masaa mawili imeisha. Kisha nikachukua unga wenu kidogo nikauosha kwa asidi ya asetiki na ethanoli, nikaukausha, ukawa mweupe na reaksheni ikaenda vizuri tu. Yaani kuuza mmeuza nyie, kusafisha nimesafisha mimi.

Naomba chupa ya bechi nyingine, ijazwe agoni na sili ikazwe, au hela yangu irudi yote. Hii ya kijani njooni muichukue, siwezi kumwaga shaba kwenye sinki.