"Mmeniuzia maji"

Ujumbe ulikuwa na maneno mawili na picha mbili. Maneno ni hayo ya juu, kutoka kwa mteja: sisi tunauzia maabara kingamwili, yaani protini zinazotumika kunasa na kuonyesha protini moja mahususi kwenye tishu. Picha ya kwanza: slaidi ya uvimbe wa titi iliyotiwa kingamwili yetu ya kipokezi cha estrojeni aina ya beta. Bluu tupu, hakuna hata chembe ya kahawia, rangi inayoonyesha kwamba kingamwili imeshika. Picha ya pili: tishu ileile, kwa kingamwili aliyozoea kununua kwingine. Kahawia imekolea kila kiini, inapendeza kuitazama. Alitaka arudishiwe fedha zake.

Hatukurudisha. Huyu ni wa nne mwaka huu kuja na lalamiko la namna hiyo, na watatu wa kwanza niliwajibu kila mmoja kivyake mpaka nikachoka. Leo nawajibu wote.

Tuanze na chenyewe kinachotafutwa. Estrojeni, kotisoli, testosteroni na wenzao huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hawabishi hodi. Hupenya utando wa seli wakaingia. Ndani wanapokewa na kipokezi, protini ambayo, ikishaishika homoni yake, hung'ang'ania DNA kwa vidole viwili vyenye zinki na kuwasha jeni au kuzizima. Binadamu ana vipokezi 48 vya ukoo huu, na vidole vyao vinafanana mno. Estrojeni ina vipokezi viwili, alfa na beta, na kati yao sehemu ya kushika DNA inafanana kwa zaidi ya asilimia 95. Kingamwili inayolenga hapo itawakamata ndugu wote wawili bila kubagua. Mahali wanapotofautiana hasa ni mwanzoni mwa protini.

Jeni ya alfa ilinakiliwa 1986. Beta ilifuata 1996, kazi ya maabara ya Jan-Åke Gustafsson huko Uswidi, na tangu hapo makala zimegombana: huyu kaiona kwenye titi, yule hakuiona. Mwaka 2017 watafiti wa Uswidi wakachukua kingamwili 13 za beta zilizokuwa zikiuzwa na kutumika, wakazijaribu. Kwenye tishu ilifaulu moja tu, klonu (kingamwili ya ukoo mmoja wa seli) iitwayo PPZ0506. Kwa kutumia hiyo, beta ilionekana kwenye korodani, kwenye ovari na kwenye baadhi ya seli za kinga. Kwenye titi, liwe zima au lenye saratani, haikuonekana.

Rudi sasa kwenye zile picha mbili. Slaidi aliyoiita maji ndiyo iliyosema kweli. Ile ya kahawia nzuri ilikuwa imeshika kitu kingine kabisa, na yeye alikuwa ameishi nacho miaka miwili.

Nilimuuliza kama alikata na slaidi ya korodani iende sambamba. Hakukata. Nikamwomba akate moja, aitie kingamwili yetu kutoka kichupa kilekile. Viini vikatoka kahawia. Hakuniandikia tena, ila mwezi uliofuata aliagiza vichupa viwili.

Njia ya mkato ninayokutana nayo kila wiki ni hii: mteja anaruka kingamwili ya kwanza, ile inayotafuta protini, anatia peke yake ya pili, ile inayoishika ya kwanza na kuleta rangi, slaidi inatoka safi, anaandika "kontroli hasi, sawa", yaani jaribio la kulinganishia lisilopaswa kutoa rangi. Hiyo inathibitisha jambo moja dogo tu, kwamba kingamwili ya pili haijinatii ovyo. Kuhusu ya kwanza kushika protini sahihi haisemi lolote. Kontroli ya kweli ni seli zisizo na hiyo protini kabisa, ziwe zimeondolewa jeni au hazikuwa nayo tangu mwanzo. Kwa alfa kazi ni rahisi, kuna seli za saratani ya titi zinazokuzwa maabara: MCF-7 wanayo tele, MDA-MB-231 hawana. Wagandishe kwenye nta ya parafini pamoja, wakae slaidi moja. Hii inakugharimu siku mbili. Yule mteja wangu alirudia kazi ya miaka miwili.

Kuhusu bei, najua tunasemwa. Kuna wanaouza kwa nusu yetu, na mara nyingi ni polikloni ya sungura, mchanganyiko wa kingamwili kutoka damu yake. Sungura huyo akifa, bechi inayofuata inatoka kwa sungura mwingine, yaani umenunua kingamwili nyingine yenye jina lilelile. Sisi kila bechi inayoingia tunaipima upya, hata kama ni klonu ileile: westani bloti kwanza (protini hutenganishwa kwa uzito, kila moja ikaonekana kama mstari, yaani bendi), alfa isome uzito wa karibu kilodaltoni 66 na beta 59, kisha tishu, kisha viwango vitano vya kuzimua. Wiki nzima inakwenda kabla ya kichupa kimoja kuuzwa. Mwaka jana tulitupa bechi nzima kwa sababu ya bendi ya pili iliyokuwa hafifu kiasi kwamba msaidizi wangu alidhani ni uchafu wa filamu.

Si kila lalamiko linatokana na kingamwili mbovu, lakini si kila mteja ni mzembe pia. Mmoja alikuwa makini sana. Aliwapa seli zake estradioli, aina ya estrojeni, kwa saa 24, bendi ya alfa ikafifia, akasema kingamwili yetu imeoza. Haikuoza. Alfa ikishashika estradioli huvunjwavunjwa haraka, na bendi kufifia ndiyo tabia yake. Mwingine alikuwa na kipokezi cha kotisoli, ambacho bila homoni hukaa nje ya kiini kikishikiliwa na protini nyingine, Hsp90. Kwake kilikuwa ndani ya kiini hata kabla ya kutia deksamethasoni, dawa inayoigiza kotisoli. Nikauliza analisha seli kwa serumu gani, yale majimaji ya damu ya mnyama. Serumu ya kawaida, nayo imejaa steroidi za mnyama. Alipobadilisha akatumia iliyochujwa kwa mkaa, kipokezi kikatulia nje, na nusu saa baada ya deksamethasoni kikaingia, kama vitabu visemavyo. (Wa estrojeni, angalieni pia ile rangi nyekundu ya fenoli kwenye midia, majimaji ya kukuzia seli. Nayo huigiza estrojeni kidogo.)

Kilichoniuma zaidi ni uvimbe uliokuwa chanya kwenye biopsi ya sindano, kisha hasi baada ya upasuaji. Tukashutumiwa sisi. Kumbe ulikuwa umekaa kwenye beseni tangu asubuhi hadi jioni bila fomalini, wakati mwongozo unataka usizidi saa 1, kisha ulale kwenye fomalini saa 6 hadi 72. Hapo si suala la makala: asilimia 1 ya viini kuwa kahawia ndiyo inayoamua kama mgonjwa anafikiriwa kupewa tamoksifeni, dawa ya kuzuia estrojeni.

Na jamani, kichupa kikifika, kigaweni vijichupa vidogo siku hiyohiyo kabla ya kukigandisha. Kukigandisha na kukiyeyusha mara sita halafu kutuma barua ya hasira, hiyo hatulipi.

Ukitaka kurudishiwa fedha, tuma namba ya bechi iliyo kwenye kifuniko, picha ya kontroli chanya na hasi za siku hiyohiyo, na kiwango ulichozimua. Picha ya boksi haitusaidii.