Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024 wa Kikundi cha Walimu cha Kusaidiana na Kukopeshana

Walimu wenzangu, habari za likizo. Jirani yangu leo asubuhi aliponiona na mafaili ya mkutano huu alinitania: "Nyie mnafaidi, mwezi mzima mnalala tu na mshahara unaingia." Nilicheka nikapita. Wenzetu wawili hawapo hapa kwa sababu wako kwenye usahihishaji wa mtihani wa kidato cha nne, nao wametuma salamu.

Ya kawaida nitayapitia haraka. Tulianza mwaka tukiwa wanachama 58, sasa tuko 61. Tumezika mara mbili, tumechangia harusi moja, na wagonjwa wote tuliowajua walifikiwa. Usajili wa kikundi halmashauri uko sawa. Hesabu atazisoma mhazini, na mwenye swali amuulize yeye.

Kilichotuchosha mwaka huu ni kadi za benki. Mwezi Mei kamati iligundua kuwa wanachama tisa wanachelewesha marejesho ya mikopo ya kikundi kwa sababu moja: kadi zao ziko kwa mkopeshaji wa mtaani, pamoja na namba za siri. Mshahara ukiingia, anayekwenda kutoa ni yeye. Anakata chake, anakupa chenji, na wewe unamwambia asante. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Huyu wetu ana meza na kaunta buku tu. Mnajua mikopo hiyo inaitwaje: kausha damu. Mmoja wa hao tisa ni mimi. Nilichukua laki tatu za ada ya mtoto, na kadi ikakaa huko miezi kumi na minne.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mtaani tunasemwa kwamba mwalimu ni fukara, suruali imepauka, kila tarehe 15 anakopa unga dukani. Lakini mkopeshaji hamkimbilii fukara. Anatukimbilia sisi kwa sababu mshahara wetu ni wa uhakika kuliko mapato ya mkulima au ya mwenye duka. Bajeti ya Juni ilipotangaza kwamba mkupuo wa pensheni, zile fedha mstaafu anazopewa kwa mara moja, utapanda kutoka asilimia 33 hadi 40, aliyeniletea habari hizo hakuwa mtangazaji wa redio. Ni mkopeshaji, alinipigia kuuliza nastaafu lini. Yeye hesabu zetu anazijua kuliko tunavyozijua sisi, na umaskini tunaosemwa ndio unaotufanya tuone aibu kuulizana.

Lipo pia hili la kwamba kazi yetu ni ya nusu siku. Mwezi Machi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, tulimwalika mzazi mmoja, dereva wa bodaboda, akae nasi kutwa nzima. Ni mtu mwema, ila kijiweni ndiye anayeongoza kutusema. Tulimweka kwa Madam wa darasa la kwanza, mwenye watoto 118 wakati kiwango cha serikali ni 45. Ni darasa la mtaala mpya ulioanza Januari, na vitabu vilikuwa vya kugombania. Saa nne mtoto mmoja alitapika, wawili wakapigania penseli, mwingine akaeleza kwa kirefu kwamba mbuzi wao amezaa. Mchana Madam akampa mgeni wetu kalamu nyekundu amsaidie kusahihisha. Alipofika daftari la thelathini hivi aliuliza kama hakuna mashine ya kufanya kazi hiyo. Ukitumia dakika moja kwa kila daftari, 118 ni karibu saa mbili, na hapo hujaandika andalio la kesho wala hujapanda kichuguu kutafuta mtandao wa kujaza PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Kijiweni bado anatusema, ila sasa anawasema wa sekondari.

Na hao wa sekondari nao wana lao. Dada yetu wa hisabati aliingia kazini enzi za shule za kata, kwa mafunzo ya wiki chache baada ya kidato cha sita, na mpaka leo wapo wanaomwita "voda fasta". Shahada aliitafuta baadaye Chuo Kikuu Huria, akisoma usiku, mtoto mgongoni. Naomba jina hilo lisisikike tena humu ndani, maana nimelisikia kwetu wenyewe, na si mara moja.

Si yote tunayosemwa ni uongo. Anayesema walimu wanauza ubuyu na karanga darasani hajakosea. Mnajijua, na mimi nawajua. Wa kufika saa mbili na nusu wapo pia. Lakini mtaa huu huu ukitaka karani wa sensa, kama mwaka 2022, ukitaka wasimamizi wa kura, kama Novemba 27 mwaka huu, au mtu wa kushika daftari la michango ya msiba, unakuja kugonga kwetu. Tena cheo cha "Mwalimu" taifa limempa kwa heshima kubwa mtu aliyeiacha chaki pale Pugu mwaka 1955. Sisi tulioishika mpaka leo tunaitwa ticha.

Kamati inapendekeza mambo mawili. Mkopo wa dharura upande kutoka laki moja hadi laki tatu, bila riba kwa miezi mitatu ya kwanza. Pili, kadi zilizobaki zikombolewe kwa fedha za mfuko, na mwenye kadi akatwe kidogo kidogo. Kadi tano zimesharudi, yangu ikiwemo. Zimebaki nne. Wenye nazo wampe mhazini karatasi iliyokunjwa, bila jina kwa nje, kabla ya shule kufunguliwa.

Sasa namwita mhazini. Chai iko nyuma, na tafadhali sukari tuwabakizie na wa viti vya mwisho.