Kabla hajampeleka mtoni: barua kwa wenzangu wa matangi makubwa ya samaki, Kisumu

Kwenu wanangu, wadogo zangu, na akina dada watatu mnaotuvumilia kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi,

Salamu nyingi. Wengi wenu mnanijua: fundi wa vioo wa karibu na soko la Kibuye, yule mnayemwita Jaduong' Fundi, yaani Mzee Fundi. Matangi mengi yaliyo sebuleni kwenu yamepita mikononi mwangu, na silikoni yake niliilainisha kwa kidole hiki hiki kinachoshika kalamu. Leo nina maneno. Mengine yananichoma mimi mwenyewe, kwa hiyo msidhani ni mzee tu amekaa kivulini anafokea vijana.

Mwezi uliopita, saa nne usiku, nilikuwa karakana nikisubiri silikoni ishike. Tuktuk ikasimama mlangoni. Akashuka kijana mmoja wetu, ambaye amenipa ruhusa nisimulie mradi nisimtaje. Hakuniamkia, jambo ambalo hajawahi kufanya tangu nimjue. Aliniambia tu nije nione. Nyuma ya tuktuk kulikuwa na pipa la bluu lililofunikwa gunia lililolowa. Nikalifunua. Kambare wa mkia mwekundu, amekunjwa mle ndani kama mkanda wa suruali, mkia umegusa shavu. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wanazungumzia samaki aliyekwisha kufa. Huyu alikuwa anahema.

Baadaye nilimpima nikapata sentimita 58. Pua ilikuwa nyeupe, ngozi imechubuka mpaka nyama inaonekana, kwa kusugua kioo miezi na miezi. Sharubu moja lilikuwa limekatika nusu.

"Unampeleka wapi?"

Akatazama chini. "Kibos, Jaduong'. Nimeona taa yako inawaka."

Kibos ni mto. Mnajua maji yake yanaishia wapi.

Sasa tukumbushane. Kijana huyo alikuja mkutanoni mwanzoni mwa mwaka, akatoa simu akatuonyesha picha ya samaki wake. Wakati ule alikuwa hajafika hata urefu wa mkono kutoka kiwiko, ila tangi lilikuwa la futi nne, na tayari ilionekana wazi kwamba anageuka kwa shida. Tulimwambia nini? Mmoja alisema huyo si samaki, ni mahabusu. Mwingine akamuuliza kama na ng'ombe wake amemfungia kwenye kibanda cha M-Pesa. Nilicheka. Kichekesho kilikuwa kizuri, siwezi kudanganya. Kisha mtu akampa somo refu juu ya Amazon na Orinoco, jinsi kambare huyu anavyopita mita 1 akikomaa, na kwamba mtu asiyesoma hafai kufuga. Kijana akarudisha simu mfukoni, akaacha soda yake nusu, akaondoka. Hakurudi tena.

Kila tulichomwambia kilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba tulikuwa sahihi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anakaa wapi, ana uwanja wa kiasi gani, nani ana tangi kubwa la kumhifadhia samaki kwa muda. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, lakini huyu alikuja kuyaonyesha maradhi mbele ya watu ishirini, nasi tukamfundisha kuyaficha.

Mwezi huo huo tulialikwa Milimani kwa mwenzetu mmoja. Tangi la futi nane, upana futi mbili na nusu, kimo futi mbili na nusu, kioo cha milimita 19. Nakijua kwa sababu nilikikata mimi. Maji yake peke yake yanakaribia kilo 1,400. Ndani kulikuwa na papa watano. Nawaita papa kwa kuwa ndivyo mnavyouziwa wakiwa wadogo kama kidole. Kwa kweli ni kambare wa kule Mekong, samaki wa mto mkubwa, wanaohama masafa marefu kwa makundi, na wakikomaa nao hupita mita 1. Kijana wa kazi alipowasha taa, wote watano walishtuka wakakimbia kwa pamoja, wakakigonga kioo. Tulisikia "ko", kama mtu anabisha hodi. Tukanyamaza kidogo. Halafu sauti moja ikasema, "Hongera sana mkubwa, tangi safi." Wote tukaitikia. Kulikuwa na aliya, ile nyama ya kukausha, kulikuwa na kuku wa kienyeji, na soda zilikuwa baridi kweli kweli.

Pima mwenyewe. Kosa ni lile lile, samaki mkubwa kwenye chombo kidogo. Wa futi nne akapata kicheko, wa futi nane akapata hongera.

Niseme na yangu. Lile la futi nne ni mimi niliyemuuzia kijana. Aliniambia anataka kufuga kambare wa mkia mwekundu, na nilijua. Nilijua pia lile la Milimani, nikashika tepu nikapima ukuta kana kwamba ukuta ndio utakaoishi mle ndani. Miaka yote hii nimekuwa nikiuliza mteja swali moja tu: lipite mlangoni au lisipite? Ada ya shule ilinifunga mdomo, na baadaye, watoto walipomaliza shule, mazoea yakaufunga.

Bado nasikia watu wazima wakisema samaki hukua kulingana na tangi. Nani alituletea uongo huu? Samaki anapopumua hutoa amonia kwa matamvua. Kwenye filta iliyokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo tunaipunguza kwa kubadilisha maji. Mweke samaki mkubwa kwenye maji machache, uchafu unawashinda bakteria, na joto letu la Kisumu linaifanya amonia kuwa kali zaidi. Ndipo anapodumaa. Mgongo unapinda, mapezi yanaliwa, anakufa kabla ya umri wake, na mwenye tangi anasema "hakukua". Mtoto anayedumaa kwa njaa hatusemi amelingana na nyumba.

Na yule aliyewahi kuniambia kwamba samaki hana maumivu, asome kidogo. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake kule Uskoti walichapisha utafiti wa samaki aina ya trauti waliodungwa sumu ya nyuki au asidi mdomoni. Samaki hao walikaa saa kadhaa bila kula, na waliodungwa asidi walisugua midomo kwenye changarawe. Wataalamu wanaendelea kubishana kama maumivu hayo yanafanana na yetu. Wabishane. Mimi nimeiona pua ya huyu wa kwenye pipa.

Turudi mtoni, maana ndiko barua hii inakoelekea. Nilipokuwa mtoto tulivua fulu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, pale Dunga kwa pini iliyokunjwa na uzi wa kushonea. Fulu wa kila rangi, wengine wekundu tumboni, wengine wa bluu kama kibiriti kinapowaka. Mbuta (sangara) aliingizwa ziwa hili miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na watu waliotaka samaki mkubwa wa kuvua na wa kula. Hawakuwa watu wabaya. Kwa meno ya mbuta, pamoja na uchafu wa maji uliofuata, wanasayansi wanakadiria kwamba spishi zipatazo 200 za fulu zilitoweka. Nayo gugu maji ilitoka Amerika Kusini, ikasambazwa duniani kwa sababu ya ua lake la zambarau, pambo la vidimbwi vya watu. Sisi tuliokuwepo miaka ya 1990 tunakumbuka mashua zilizokwama nchi kavu na ziwa limegeuka shamba. Kwa hiyo sitaki kuambiwa "ni mmoja tu, atakufa hata hivyo." Sijui atafanya nini mle, na hata wewe hujui, na ziwa hili limeshafanyiwa majaribio ya kutosha.

Mtu haendi mtoni usiku na pipa kwa sababu hajui ni vibaya. Angekuwa hajui angekwenda mchana. Anakwenda kwa sababu njia nyingine zote zinapita mbele ya macho yetu.

Aibu hii inaua hata bila mto. Stima ilipopotea nchi nzima Agosti 2023, kuna mmoja wetu aliyekaa gizani akiwatazama oska na paku wake wakipanda juu kuvuta hewa. Wakubwa ndio hutangulia, maana wanahitaji oksijeni nyingi, na maji ya vuguvugu hubeba kidogo. Nyumba tatu kutoka kwake kulikuwa na mwenzetu mwenye betri na pampu mbili za hewa zimekaa bure. Hakumpigia. Aliniambia aliogopa angekuja na kuwahesabu samaki.

Sasa msinielewe vibaya. Siwaombi mlegeze maneno. "Tangi hili ni dogo, atakufa humu" ni sentensi nzuri, na mtu ana haki ya kuisikia mapema. Ninachotaka ni kwamba anayeisema awe na sentensi ya pili: "Kesho saa tisa nina nafasi, nakuja na tepu na pampu." Kama huna ya pili, nenda kwanza ukaitafute, au mwambie mwenzako mwenye nayo. Na ikiwezekana mwite pembeni. Mtu mzima akikosolewa mbele ya soda za wenzake hasikii neno, anasikia kicheko tu.

Kwa wakubwa ni hivyo hivyo, ila pale tunahitaji ujasiri wa kuanza. Nilirudi Milimani peke yangu. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mazishi ya mama yake, halafu nikamwambia: "Lile tangi nililokujengea ni dogo kwa hawa, na nilijua siku nilipopima." Akanyamaza kwa muda mrefu. Akauliza mbona sikusema. Nikamjibu, pesa. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Hajaamua la kufanya, lakini ameweka swichi ya kuwasha taa polepole, na amesema haongezi samaki. Kwangu ni mwanzo.

Karakana yangu nayo ina utaratibu mpya. Siku hizi nauliza ni samaki gani, na akikomaa ana urefu gani. Upana wa tangi ukiwa mdogo kuliko urefu huo sikati kioo. Wateja wawili wameshakwenda kwa fundi mwingine hapo hapo barabarani. Nawatakia heri.

Lipo jambo moja ambalo hatulitaji kabisa. Kuna samaki ambaye hatapata mahali. Hakuna bwawa, hakuna mwenye nafasi, muuzaji amekataa kumrudisha, na anateseka. Huyo mtamfanya nini? Wapo wanaoona kumuua ni ukatili na kumwachia mtoni ni huruma. Ni kinyume. Kuna mafuta ya karafuu, haya haya ya maumivu ya jino: hutikiswa kwanza na maji kidogo kwenye chupa mpaka yawe meupe kama maziwa, kisha humiminwa pole pole kwenye chombo cha samaki. Kwanza hulala, akiongezewa haamki, na unamwacha humo muda mrefu baada ya matamvua kutulia ili uwe na hakika. Nimefanya mara mbili maishani, sikula chakula cha jioni siku hizo. Asiyeweza kufanya peke yake aniite, nitakuja, na habari haitatoka mlangoni kwake. (Mke wangu aliuliza kwa nini asiingie tu sufuriani. Mama, samaki huyo amekunywa dawa za kuvu na za minyoo zisizoandikwa kuliwa na mtu.)

Yule wa kwenye pipa hakufikia huko. Yuko nyuma ya karakana, kwenye tangi la saruji la maji ya mvua, lita 8,000, lisilo na mfereji wa kutokea. Filta ni mapipa mawili ya kokoto na sponji. Filta mpya huchukua wiki nne mpaka sita kukomaa, na samaki hangeweza kusubiri, kwa hiyo niliwapigia wawili wenu usiku ule ule nikaomba sponji chafu kutoka filta zao za zamani, zenye bakteria tayari. Mlizileta kwa boda boda kabla ya saa sita, zikiwa zimelowa, na hamkuuliza samaki ni wa nani. Nimeandika barua hii yote ili niwashukuru ninyi wawili.

Anakula mara mbili kwa wiki. Omena haitaki, sijui anajiona nani. Pua imeanza kurudi rangi yake. Tangi hilo nalo si la maisha, kwa hiyo mwenye uwanja Mamboleo au Kajulu, na moyo wa kuchimba, aje tupige hesabu. Kioo na saruji ya kwanza ni juu yangu.

Kijana huja kila Jumapili baada ya ibada kubadilisha maji. Jumamosi hii nitakuja naye mkutanoni. Mwenye kichekesho cha ng'ombe anajijua, na kiti chake kiko karibu na dirisha. Amwachie.

Ni mimi,
Fundi wenu wa vioo, Kibuye