Barua ya wazi kwa Kamishna Jenerali: sogezeni dirisha la methadoni

Kwa Kamishna Jenerali,
Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya

Mheshimiwa, salaam.

Mimi ni fundi magari, nina gereji ndogo pembezoni mwa Dar es Salaam. Desemba 2023 mlipotangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini, tuliweka spana chini tukasikiliza redio. Kijana mmoja tu aliendelea kufunga nati. Baadaye akaniambia, "Bosi, unga ukiadimika ndipo arosto inapokuja. Siku kama hizo ndizo nilizokuwa naziogopa." Arosto ni yale maumivu yanayompata mla unga, yaani heroini, akiukosa.

Kijana huyo alikula unga miaka sita. Sasa yuko mwaka wa tatu wa methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto ili mtu aache heroini. Alipoanza kazi kwangu nilikuwa nahesabu spana kila jioni, naona haya kulisema. Leo funguo za gereji anakaa nazo yeye.

Kinachomsumbua ni safari. Dozi hapewi akanywee nyumbani. Kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo, lazima afike kwenye dirisha la kliniki anywe mhudumu akimwona. Kwake ni daladala mbili kwenda, mbili kurudi: kwa nauli ya 600 ni shilingi 2,400, hata chai hajanywa. Anafika kazini saa nne, magari ya asubuhi yameshachukuliwa, na kwetu fundi analipwa kwa gari alilotengeneza. Mimi namvumilia. Sijui gereji nyingine ingemvumilia wiki ngapi. Wenzake wawili waliokuwa wakienda dozi pamoja waliishiwa nauli, mmoja baada ya mwingine, na sasa wamerudi maskani, kwenye vijiwe vya unga.

Sisemi Serikali imelala. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Watu walikuwa wanafungiwa chumbani na ndugu zao hadi arosto ipite, wakitoka wanarudi palepale. Methadoni ilibadilisha hilo, angalau kwa wa heroini. Wa bangi na pombe dawa hii haiwahusu.

Ninachoomba, wewe na wenzako wa Wizara ya Afya, ni dirisha. Kliniki kubwa zibaki na kazi ya kumwanzishia mgonjwa dawa na kumpimia dozi mpaka atulie. Akishatulia, ahamishiwe kituo cha afya cha jirani, kama wanaotumia ARV wanavyochukua dawa karibu na kwao. Na dirisha lifunguliwe saa 11 alfajiri, maana kibarua hachelewi kuamka.

Suala la kubeba dozi nyumbani naliacha kwenu wataalamu. Kipimo anachokunywa mzoefu kinaweza kumuua mtoto asiyewahi kuigusa dawa hiyo, na maskani hakuna kisichouzwa. Ila hofu hiyo haigusi dirisha lenye mhudumu, liwe Muhimbili au mtaani kwetu.

Mkikamata mzigo mwingine kama ule, kuna vijana watakaopata arosto usiku huohuo. Kliniki iliyo umbali wa daladala mbili hawatafika.

Kijana wangu hajui kama nimeandika haya. Kesho saa nne nitakuwa namngoja. Kuna Noah ya mteja imeshushwa giaboksi tangu juzi, na anayeiweza ni yeye.

Wako,
Fundi magari, Dar es Salaam